Lafudhi, Uigizaji na Uhalisi katika Tamthiliya za Kihistoria za Televisheni: Haja ya Vigezo Vipya vya Uhakiki

1. Utangulizi

Kila inapoonyeshwa tamthiliya ya kihistoria katika televisheni, hukumu ya kwanza inayotolewa na watazamaji, na mara nyingi na wahakiki pia, huhusu matamshi. Husemwa kwamba mwigizaji fulani hakuipata lafudhi ya mhusika wake, au kwamba mwingine ameipata barabara kiasi cha kudhaniwa mzawa. Hukumu hiyo hutolewa upesi, hutolewa kwa uhakika, na aghalabu hutolewa na mtu asiyeijua lugha inayohusika. Mtazamaji ambaye hajapata kukisikia Kimandinka hata siku moja hujiona ana haki ya kusema kuwa Mmandinka fulani katika filamu hasemi kama Mmandinka wa kweli. Kipimo anachokitumia si usemi wa Wamandinka, bali ni filamu nyingine alizoziona kabla ya hiyo.

Makala haya yanadai kuwa swali la usahihi wa lafudhi, kama linavyoulizwa kwa kawaida, halina manufaa makubwa kwa mhakiki. Katika tamthiliya nyingi za kihistoria wahusika huonyeshwa wakisema lugha ambayo katika historia hawakuisema kabisa. Hapo hakuna lafudhi iliyo sahihi wala iliyo potofu. Kuna kaida iliyochaguliwa na watengenezaji na kukubaliwa na hadhira. Swali linalofaa ni hili: tofauti za usemi zinazosikika katika tamthiliya zinawakilisha tofauti gani za kihistoria, na ni nani aliyebebeshwa alama ya ugeni? Hoja hiyo itajengwa kwa kupitia tamthiliya kadhaa za televisheni zinazofahamika, kisha itaelekezwa kwenye suala linalowagusa wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja, yaani namna ambavyo wahusika wa Vita vya Majimaji wangepaswa kusema endapo vita hivyo vingefanyiwa tamthiliya ya televisheni.

2. Lafudhi kama uhusiano

Isimu inafundisha kwamba kila msemaji ana lafudhi. Hata hivyo, si kila lafudhi husikika. Mtu wa Makunduchi akiwa kwao, miongoni mwa jamaa zake, hasikiki kuwa na lafudhi yoyote. Huwa anasema tu. Akifika mjini Unguja ndipo matamshi yake yanapoonekana kuwa ni jambo la kutajwa. Matamshi hayakubadilika njiani. Kilichobadilika ni masikio yanayoyapokea. Lafudhi, kwa maana inayomhusu mhakiki wa sanaa za maonyesho, si sifa ya msemaji peke yake bali ni uhusiano baina ya msemaji na msikilizaji wake.

Jambo hili ni la msingi kwa sababu jukwaa na kioo cha televisheni vina wasikilizaji wa aina mbili. Kuna wahusika wanaosikilizana ndani ya hadithi, na kuna hadhira inayowasikiliza kutoka nje. Mama na mwana wanaozungumza lugha yao wenyewe hawasikii lafudhi baina yao. Mwongozaji akiwapa lafudhi ya kigeni, atakuwa ameiandika katika vinywa vyao kwa ajili ya hadhira ya nje, na kwa kufanya hivyo atakuwa amewafanya wageni nyumbani kwao.

Kaida ya lugha-badala, yaani lugha ya hadhira kusimama badala ya lugha ya wahusika, ni kongwe na haina kosa. Warumi wa Shakespeare walisema Kiingereza. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthiliya hiyo ya Kaizari, Warumi hao hao walisema Kiswahili, na hakuna msomaji wa busara aliyedai kuwa Brutus angepaswa kukitamka kwa lafudhi ya Kilatini. Msomaji alielewa kuwa Kiswahili kile kilikuwa ndicho Kilatini chao. Walipozungumza wao kwa wao hapakuwa na mgeni, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya lafudhi.

Kinachofaa kuhifadhiwa kutoka katika historia ni sifa za usemi ambazo wenyewe wa wakati ule walizisikia. Mfano mzuri ni tamthiliya ya I, Claudius, iliyotolewa na BBC mwaka 1976. Waigizaji wote walisema Kiingereza cha jukwaa la Uingereza, lakini Derek Jacobi, aliyemwigiza Claudius, alimpa kigugumizi. Waandishi wa kale wa Kirumi wametaja kasoro ya usemi ya mtawala huyo, na kasoro hiyo ilikuwa na athari katika maisha yake, kwani iliwafanya jamaa zake wamdharau na hivyo wamwache hai. Hapa uigizaji umeshika sifa ya sauti iliyokuwa na maana ndani ya historia yenyewe. Hakuna Mrumi aliyemsikia Claudius kuwa na lafudhi ya Kirumi. Wote walimsikia akigugumia.

3. Kunta Kinte na Kiingereza cha aina mbili

Tamthiliya ya Roots, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley cha mwaka 1976, ilionyeshwa nchini Marekani na shirika la ABC kwa usiku nane mfululizo mwezi Januari 1977. Masimulizi yake yanaanzia Juffure, katika nchi ya Gambia, ambako Kunta Kinte, kijana wa Kimandinka, anakamatwa mwaka 1767 na kupelekwa utumwani. LeVar Burton aliigiza ujana wake na John Amos akaigiza utu uzima wake. Sehemu zilizowakilisha Gambia zilipigwa picha katika jimbo la Georgia. Watafiti wa baadaye waliutilia shaka ukoo uliosimuliwa na Haley, lakini suala hilo si la makala haya. Linalohusika hapa ni namna lugha ilivyopangwa.

Katika Juffure, wahusika wote husema Kiingereza, nacho kinasimama badala ya Kimandinka. Baadaye, katika shamba la Virginia, Kunta huyo huyo hakijui Kiingereza, na Fiddler, mtumwa mzee aliyeigizwa na Louis Gossett, ndiye anayekabidhiwa kazi ya kumfundisha. Lugha moja imebeba majukumu mawili yanayopingana. Mhakiki anayetafuta usahihi tu ataliita jambo hili kosa. Mhakiki anayetazama mfumo ataona faida yake. Mtazamaji amekwisha kumsikia Kunta akisema kwa ufasaha nyumbani kwao. Kwa hiyo anapomsikia akibabaika ugenini hawezi kumdhania mjinga. Anajua kuwa ulimi ule ulikuwa na lugha kamili kabla ya kunyang'anywa. Tukio la kuchapwa viboko hadi akubali kujiita Toby lina uzito kwa sababu hiyo: hadhira ililijua jina lake la kwanza tangu siku alipopewa, na imeyasikia yote mawili.

Palipo na kasoro ni mahali pengine. Waigizaji Wamarekani walioigiza watu wa Juffure walipewa namna ya kusema ya taratibu, yenye lafudhi isiyo ya mahali popote katika Afrika. Hiyo ni lafudhi ya Kiafrika iliyobuniwa na sinema. Kazi yake ni kumkumbusha mtazamaji wa Marekani, katika kila sentensi, kwamba watu hawa si yeye. Wakati huohuo nahodha na mabaharia wa meli ya watumwa wanasema Kiingereza chao cha kawaida. Matokeo yake ni kwamba wavamizi wanasikika kuwa wenyeji na wenyeji wanasikika kuwa wageni, ingawa nia ya tamthiliya ilikuwa kinyume cha hivyo. Kama watu wa Juffure wangesema Kiingereza cha kawaida cha waigizaji wenyewe, na mabaharia wakapewa usemi usioeleweka kwa Kunta, historia isingepotoshwa hata kidogo na haki ingetendeka zaidi.

4. Shaka na mkalimani aliyepotea

Tamthiliya ya Shaka Zulu ilitolewa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini mwaka 1986, ikiongozwa na William Faure, katika vipindi kumi. Ilitengenezwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na wahakiki wengi wameonyesha kuwa masimulizi yake yamefungwa ndani ya macho ya Waingereza waliofika Port Natal mwaka 1824. Henry Cele, aliyekuwa mlinda mlango wa kandanda kabla ya kuwa mwigizaji, alimwigiza Shaka. Edward Fox alimwigiza Francis Farewell na Robert Powell akamwigiza Henry Fynn.

Wazulu wa tamthiliya hii husema Kiingereza kwa matamshi ya kawaida ya waigizaji wenyewe. Si lafudhi ya kubuni. Kwa kigezo hicho kimoja Shaka Zulu inaizidi Roots, na uigizaji wa Cele unalithibitisha hilo. Kwa kuwa hakulazimika kuuchunga ulimi wake, nguvu zake zote zilikwenda katika mwili, macho na ukimya. Watu wanaoikumbuka tamthiliya ile wanakumbuka namna Shaka anavyosimama na anavyotazama, na hilo ndilo jambo ambalo mwigizaji anapaswa kupimwa kwalo.

Hata hivyo, kuna kitu kikubwa kilichopotea. Katika historia, Shaka na Waingereza wale hawakuwa na lugha moja. Kati yao alisimama Jakot Msimbithi, mtu aliyepata kufungwa katika kisiwa cha Robben, ambaye aliingia katika utumishi wa Shaka na kuwa mkalimani wake. Mtu huyo aliwafahamu Wazungu kutokana na mateso yake mwenyewe, na kila neno la Farewell lilimfikia Shaka likiwa limepitia katika hukumu yake. Mahusiano ya Wazulu na Waingereza katika miaka ile hayaeleweki bila yeye. Katika tamthiliya ambayo pande zote mbili zinasikika zikisema lugha moja, mtazamaji hawezi kukisikia kilichopunguzwa, kilichoongezwa au kilichofichwa njiani. Mazungumzo yanakuwa mepesi, na mgongano wa dola mbili unageuka kuwa mjadala wa waungwana wawili wenye maoni tofauti. Upungufu huu ni mzito kuliko kosa lolote la matamshi.

Mwaka 2023 hadithi ya Shaka ilirudi katika televisheni ya Afrika Kusini kwa tamthiliya ya Shaka iLembe, iliyosemwa kwa Kizulu. Wengi waliliona hilo kuwa ni suluhisho la mwisho la suala la uhalisi. Bila shaka ni hatua kubwa. Lakini mhakiki hapaswi kusahau kuwa Kizulu sanifu cha leo kimepitia mikono ya wamisionari, shule na redio. Enzi za Shaka zilikuwa na lahaja kadhaa zilizobeba maana ya kisiasa. Watu wa pwani walioitwa amaLala walidharauliwa na wenye dola, na matamshi yao yalikuwa sehemu ya dharau hiyo. Tamthiliya inayowapa wahusika wote Kizulu kimoja kilichonyooka imerudisha lugha ya taifa, lakini bado haijarudisha siasa ya ulimi iliyokuwamo ndani ya taifa hilo lilipokuwa likijengwa. Kutumia lugha ya asili, kwa hiyo, hakuondoi wajibu wa kuchagua. Kunauhamishia wajibu huo ndani ya lugha yenyewe.

5. Uamuzi wa kuiacha lafudhi na gharama yake

Tamthiliya ya Chernobyl ya mwaka 2019, yenye vipindi vitano, ilichukua njia ya kishujaa. Inahusu ajali ya mtambo wa nyuklia ya mwaka 1986, na wahusika wake wote ni raia wa Muungano wa Kisovieti. Watengenezaji wake waliamua kuwa waigizaji waseme kwa lafudhi zao wenyewe, nyingi zikiwa za Uingereza na Ayalandi. Mtunzi wake, Craig Mazin, ameeleza kuwa waigizaji walipojaribiwa kwa lafudhi ya Ulaya ya Mashariki walianza kuigiza lafudhi badala ya kuigiza watu.

Maelezo hayo yanastahili kuzingatiwa na kila mhakiki. Lafudhi ya kuigiza ni kazi ya ziada inayoonekana, na kwa kuwa inaonekana, hushangiliwa. Hadhira humsifu mwigizaji kwa ugumu wa kazi aliyoifanya, kama inavyomsifu mchezaji sarakasi. Lakini kuiga sauti ni ustadi mmoja, na kuingia katika nafsi ya mhusika ni ustadi mwingine. Jared Harris, aliyemwigiza mwanasayansi Legasov, haigi chochote cha Kirusi katika sauti yake. Hata hivyo uchovu na woga wa mtu anayelazimika kusema ukweli mbele ya wakubwa wasiotaka kuusikia unaonekana katika kila pumzi yake. Kwa kuwa wahusika wa tamthiliya ile wanasema lugha yao nchini mwao, kuiacha lafudhi ya kigeni kulikuwa uamuzi sahihi kwa hoja iliyotolewa katika sehemu ya pili ya makala haya.

Pamoja na hayo, uamuzi huo ulikuwa na gharama. Lafudhi za Uingereza hubeba tofauti za kitabaka, na tamthiliya ilizitumia vizuri kuwatenga wachimba migodi na wakubwa wa chama. Zilichoshindwa kukibeba ni tofauti za mataifa. Mji wa Pripyat uko Ukraine. Mvuke wenye sumu uliangukia Belarusi kwa wingi. Amri zilitoka Moscow. Nani alisema Kirusi kama lugha yake, na nani alikisema kama lugha ya serikali, ni swali lenye uzito katika historia ya ajali ile na ya nchi zilizozaliwa baada ya mwaka 1991. Katika tamthiliya swali hilo halisikiki. Kila kaida huhifadhi tofauti fulani na kuiua nyingine, na kazi ya mhakiki ni kuuliza kama iliyouawa ilikuwa ya lazima kwa kisa kinachosimuliwa.

6. Ukuta wa lugha kama kiini cha kisa

Mfano wa Shōgun unaonyesha kuwa swali hilo linaweza kujibiwa kwa namna zaidi ya moja. Kitabu kilichozaa tamthiliya hiyo kimejengwa juu ya kisa cha William Adams, baharia Mwingereza aliyefika Ujapani mwaka 1600. Katika tamthiliya ya kwanza, iliyoonyeshwa nchini Marekani mwaka 1980, Wajapani walisema Kijapani bila maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mtazamaji alijikuta katika ujinga uleule wa baharia. Njia hiyo ilikuwa na ukweli wake, lakini iliwanyima Wajapani nafsi ya ndani. Walionekana, walisikika, lakini hawakueleweka isipokuwa kupitia kwa mgeni.

Tamthiliya mpya ya mwaka 2024, ambayo mwaka huohuo ilizoa tuzo 18 za Emmy, iliugeuza mpango huo. Sehemu kubwa yake ni Kijapani chenye maandishi ya tafsiri, na Kiingereza kinasimama badala ya Kireno, lugha ambayo kwa hakika ndiyo iliyotumiwa na Wazungu wa wakati ule nchini humo. Mariko, aliyeigizwa na Anna Sawai, ni mkalimani, na hadhira inayazielewa pande zote mbili za mazungumzo. Kwa hiyo inaona kila anapolainisha tusi, anaponyamazia neno, au anapotia maana yake mwenyewe. Mkalimani aliyepotea katika Shaka Zulu hapa amewekwa katikati ya jukwaa. Uigizaji bora wa tamthiliya hiyo umo katika nafasi kati ya sentensi iliyosemwa na sentensi iliyotafsiriwa.

Hata hapo uhalisi si ule wa mwaka 1600. Kijapani kinachosikika kimesarifiwa kwa mtindo wa tamthiliya za kihistoria za Kijapani, ambao ni mtindo wa jukwaa wenye mapokeo yake. Hakuna anayekilalamikia, kwa kuwa hadhira ya Kijapani na watengenezaji wana makubaliano ya muda mrefu kuhusu namna watu wa kale wanavyosema jukwaani. Makubaliano ya namna hiyo hujengwa na jamii kwa miaka mingi ya kuandika, kuigiza na kuhakiki.

7. Majimaji na sikio la mtazamaji wa Kiswahili

Makubaliano kama hayo hayajajengwa vya kutosha katika sanaa za Kiswahili za televisheni. Msingi wake upo katika tamthiliya ya jukwaani. Katika Kinjeketile ya mwaka 1969, Ebrahim Hussein aliwafanya Wamatumbi na Warufiji wote waseme Kiswahili kimoja, na uhasama baina yao ukajulikana kwa maneno na matendo yao, si kwa matamshi. Mtunzi alitofautisha waziwazi mhusika wake na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwa jukwaa la wakati ule, kaida hiyo ilitosha.

Televisheni inadai zaidi, kwa kuwa huonyesha nyumba halisi, miti halisi na nguo halisi, na hivyo humfanya mtazamaji atarajie sauti halisi. Hapo ndipo hatari inapoanza. Katika Afrika Mashariki vichekesho vya redio, jukwaa na televisheni vimezoea kuichekesha hadhira kwa lafudhi za makabila. Mzee wa bara anayechanganya *l* na *r*, mlinzi wa usiku mwenye matamshi ya kusini, muuza duka wa Kihindi asiyeweza upatanisho wa ngeli: wote hawa wamefundisha sikio la mtazamaji kuwa lafudhi ni dalili ya ujinga unaostahili kuchekwa. Mwongozaji mwenye nia njema akiwapa wapiganaji wa Nandete lafudhi ya Kimatumbi kwa ajili ya uhalisi, hadhira itacheka. Itawacheka watu waliong'oa pamba mwezi Julai 1905 na kuanzisha vita vilivyoendelea hadi 1907. Usahihi wa fonetiki utakuwa umezaa uongo wa kihistoria.

Njia ya kinyume nayo ina madhara. Wote wakisema Kiswahili sanifu, kilichosanifiwa kwa msingi wa Kiunguja robo karne baada ya vita vile, utapotea mwujiza mkubwa wa Majimaji, yaani kwamba Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, watu wenye lugha mbalimbali, waliunganishwa na ujumbe mmoja uliopelekwa kwa miguu na wajumbe walioitwa hongo. Mtazamaji asiyeusikia ukuta wa lugha hawezi kuustaajabia umoja ulioupanda.

Ufumbuzi unapatikana kwa kurudi kwenye hoja kwamba lafudhi ni uhusiano. Mmatumbi akisema na Mmatumbi asipewe lafudhi yoyote. Ama aseme Kimatumbi chenye maandishi ya tafsiri, ama aseme Kiswahili fasaha kinachosimama badala ya Kimatumbi. Mmatumbi huyo akiitwa mbele ya akida ndipo aseme Kiswahili cha kujifunza, kwa kuwa hapo ndipo kilipokuwa kweli lugha ya pili, tena lugha ya kodi na amri. Ofisa wa Kijerumani akimwamrisha akida, lafudhi yake ya Kijerumani ina mahali pake, kwani utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika kazi zake; akisema na Mjerumani mwenzake, lafudhi hiyo haina kazi. Kwa mpango huu mtu mmoja atasikika fasaha nyumbani na mwenye kusitasita barazani kwa akida, na hadhira itaelewa kwamba kusitasita kule kumetokana na mamlaka, si na akili. Kicheko kitakosa pa kukaa.

Wapo watakaosema kuwa mpango huo ni ghali, kwamba waigizaji wanaojua Kimatumbi ni wachache, na kwamba stesheni hazipendi maandishi ya tafsiri. Hoja ya gharama ina ukweli, lakini haigusi mpango wote. Kusema Kiswahili fasaha nyumbani na Kiswahili cha kubabaika mbele ya akida hakuongezi hata senti moja. Kunadai mwandishi na mwongozaji waamue kabla ya kupiga picha. Wapo pia watakaodai kuwa ushahidi wa usemi wa wakati ule haupo. Ni kweli kwamba ni mdogo. Karl Weule alirekodi nyimbo na sauti kusini mwa nchi mwaka 1906, lakini hasa miongoni mwa watu wengine. Ushahidi mkubwa zaidi umo katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 na kuchapishwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968, na umo katika lugha zenyewe, ambazo bado zinasemwa. Wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaotoka Kilwa, Rufiji na Liwale wana ujuzi ambao hakuna mtengenezaji wa filamu wa ng'ambo anayeweza kuununua. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini lazima kwanza aruhusiwe kucheza kwa sauti ya kwao.

8. Hitimisho

Kutokana na mifano iliyojadiliwa, vigezo vitatu vinapendekezwa kwa wahakiki wa tamthiliya za kihistoria. Kwanza, itazamwe kama tofauti za usemi zina mfumo, yaani kama kila tofauti inayosikika inasimama badala ya tofauti iliyosikika na watu wa wakati ule. Pili, itazamwe ni nani aliyepewa usemi usio na alama na ni nani aliyefanywa mgeni, na kama mgawanyo huo unatokana na historia au na mazoea ya hadhira ya leo. Tatu, pale ambapo historia iliamuliwa na ukuta wa lugha, itazamwe kama ukuta huo umeachwa usimame na kama mkalimani amepewa nafasi yake.

Mwigizaji naye ahukumiwe kwa kile anachokifanya ndani ya mfumo aliopewa. Kosa la mfumo lisihesabiwe kuwa lake, na ustadi wake wa kuiga sauti usihesabiwe kuwa ndio uigizaji. Mhakiki asiyeijua lugha ya wahusika aache kutoa hukumu juu ya usahihi wa matamshi. Bado atakuwa na mengi ya kusema kuhusu mfumo. Mhakiki anayeijua ana wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu tamthiliya za kihistoria za Kiswahili zitaendelea kutengenezwa, na nyingine za kigeni zitaendelea kutiwa sauti za Kiswahili. Kabla hazijafika kwa watazamaji ambao kwao ndizo zitakazokuwa kitabu pekee cha historia, ni vyema wanaoijua lugha wawe wamekwisha kuamua ni nani katika hadithi hizo anayepaswa kusikika kuwa mwenyeji.